Kuzuia Maji na Kutunza Mbao za Nje ya Nyumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu milango ya nje, madirisha, mageti, mbao za ukingo wa paa, pagola (kivuli cha nguzo na mihimili bustanini au uani), viti vya barazani na sakafu za mbao za nje katika nyumba za Pwani ya Afrika Mashariki, ambako jua kali, mvua za misimu miwili na chumvi ya bahari huipiga mbao kwa pamoja. Aliye bara anaweza kufuata haya haya. Panapotofautiana sana, tumesema.

Kuna kitu cha kupaka ili mbao isipitishe maji kabisa?

Hakuna. Mbao hupokea unyevu wa hewani na kuutoa muda wote, hata ikiwa na tabaka sita za vanishi. Unachopaka hupunguza kasi tu. Ubao huoza pale unyevu wake unapokaa juu ya asilimia 20 kwa muda mrefu. Ukiwa chini ya hapo, kuvu wa kuozesha mbao hawezi kustawi. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuyachelewesha maji yasiingie, na kuyapa njia ya kutoka yale yaliyoingia. Fundi akifanya ya kwanza akaisahau ya pili, vanishi huyafungia maji ndani na ubao ukaozea chini ya ngozi inayong'aa.

Kabla ya kununua kopo lolote, tazama paa. Mlango uliofunikwa na paa lililotokeza sentimita 60 au zaidi hudumu muda mrefu zaidi kuliko mlango wa mbao ile ile ulioachwa wazi, hata kama wa pili umepakwa vanishi ya bei mbaya. Bati la gharama ndogo juu ya mlango wa nyuma lina faida kuliko lita mbili za vanishi kila mwaka.

Maji huingilia wapi hasa?

Vichwani. Nyuzi za ubao ni mirija iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Ukikata ubao kwa upana, mirija inabaki wazi, na kichwa hicho hunywa maji mara kumi au zaidi kuliko uso wa ubao. Ndiyo sababu mlango huanza kuoza chini, mguu wa kiti huoza kitakoni, na mbao za ukingo wa paa huoza pale zinapoungana.

Sehemu nyingine zinazosahauliwa ni ndani ya tundu la kitasa, chini ya bawaba, kwenye matundu ya skrubu na kwenye viungo vya ulimi na tundu. Nyufa ndogo za usoni zinazomtia mwenye nyumba wasiwasi mara nyingi hazina madhara makubwa kama kichwa kimoja kisichopakwa kitu.

Vichwa vipakwe tabaka mbili zaidi ya uso. Anza na vanishi au praima (rangi ya kutangulia) iliyopunguzwa uzito, rudia kila baada ya dakika 10 hadi 15 ikiwa bado mbichi, uache tu pale ubao unapokataa kunywa tena.

Mbao gani zinafaa nje?

Msaji na mvule ndizo zinazojulikana zaidi. Zote mbili zina mafuta na kemikali za asili zinazowasumbua kuvu na wadudu. Mninga na mkongo pia hufanya kazi nzuri. Lakini sifa hizo ni za kiini cha mti. Ile sehemu nyeupe ya pembeni, iliyo karibu na gome, huoza na kubunguliwa haraka kwenye mti wowote, mvule ukiwamo. Msaji mwingi wa Tanzania sasa ni wa mashamba kama Longuza, Tanga, na Mtibwa, Morogoro, na magogo yakivunwa yakiwa bado membamba, sehemu nyeupe huwa kubwa. Geuza ubao, tazama kingo zake kabla ya kulipa.

Msonobari, kama ule wa Sao Hill kule Mufindi, haufai nje bila dawa. Ukitiwa dawa kwa presha kiwandani unafaa sana, na ni rahisi. Jambo moja wanunuzi hawaambiwi: dawa haifiki katikati ya kila ubao, kwa hiyo ukikata ubao wa dawa, kichwa kipya kinaweza kuwa hakina kinga. Kila kichwa kilichokatwa kipakwe dawa ya mbao ya kupakia kwa brashi, mara mbili, kabla ya kufungwa mahali pake. Na mabaki ya mbao za kijani zenye dawa ya shaba, kromi na aseniki yasitumike kama kuni. Moshi wake ni sumu, na jivu lake pia.

Nitajuaje mbao zimekauka kiasi cha kupakwa?

Kipimo cha unyevu chenye pini mbili ndicho jibu la uhakika. Pwani, ubao uliokauka vizuri kivulini husoma kati ya asilimia 13 na 16. Dodoma unaweza kushuka hadi 10 au chini yake wakati wa kiangazi. Ukisoma zaidi ya 18, usipake.

Bila kipimo, chukua kipande kilichokatwa katikati ya ubao, si mwishoni, ukipime kwa mizani ndogo ya jikoni. Kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi hadi uzito usishuke tena. Toa uzito wa mwisho kutoka ule wa mwanzo, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 236 kikishuka hadi 200, ubao ulikuwa na asilimia 18.

Ubao wa inchi moja uliopangwa vizuri kivulini huchukua miezi miwili hadi minne kukauka, na mbao nzito huchukua zaidi. Kupanga vizuri maana yake ni vijiti vya unene sawa kati ya kila safu, umbali wa sentimita 50 hadi 60, kijiti juu ya kijiti, na rundo liinuliwe kutoka ardhini. Mbao mbichi zikipigwa mlango wiki hiyo hiyo, mlango utapinda na viungo kuachia, na hakuna vanishi ya kulizuia hilo.

Nitumie vanishi, mafuta au rangi?

Tazama mahali, kisha amua.

Rangi ya mafuta yenye praima na andakoti (tabaka la kati) ndiyo kinga ndefu kuliko zote, kwa sababu chembe za rangi huziba miale ya jua isiufikie ubao. Kwa mbao za ukingo wa paa, mageti na madirisha yanayotazama magharibi bila paa, hiki ndicho tunachopendekeza, hata kama mwenye nyumba anapenda kuona mistari ya mbao. Pwani inadumu miaka 3 hadi 5.

Vanishi ni nzuri kwa mlango wa mbele uliofunikwa na baraza. Hapo inaweza kukaa miaka mitatu bila kuguswa. Ikiachwa wazi juani, mwaka mmoja ni mwingi. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya nje au ya boti. Ile ngumu ya poliyurethani ya ndani, inayopakwa sakafu na meza, haina unyumbufu. Mbao ikitanuka na kusinyaa, vanishi hiyo hupasuka.

Mafuta ya kupenya, na zile rangi nyepesi za kupenya ambazo mafundi huziita steini, hayaachi ngozi juu ya mbao, kwa hiyo hayana cha kubanduka. Huchakaa taratibu, na ukirudia hutakiwi kukwangua. Adha yake ni kwamba lazima urudie kila miezi 6 hadi 12 penye jua. Kwa sakafu za mbao, viti na pagola, hakuna chaguo la busara zaidi. Chagua yenye rangi kidogo: mafuta yasiyo na rangi kabisa hayazuii jua sana.

Vanishi yangu imebanduka maganda maganda ndani ya mwaka. Kosa liko wapi?

Mara nyingi si vanishi mbovu. Vanishi inayopitisha mwanga hupitisha pia miale ya urujuanimno, na miale hiyo huivunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mbao. Vanishi yenyewe bado nzima, lakini imesimama juu ya nyuzi zilizokufa. Ukitazama nyuma ya ganda lililobanduka utaona unga wa kijivu au kahawia umeng'ang'ania. Huo ndio uso wa ubao uliong'oka.

Sababu ya pili ni kupaka vanishi mpya juu ya mbao iliyokwisha kugeuka kijivu. Kijivu chote kiondolewe kwa msasa hadi rangi hai ya mbao itokee. Ya tatu ni unyevu: ubao ulipakwa wiki ya mvua, jua likatoka, mvuke ukatafuta njia na kuinua malengelenge. Ya nne ni tabaka chache. Mafundi wengi hupiga mbili kwa sababu mlango unang'aa tayari, na mteja ameridhika. Nje, tabaka nne ndizo mwanzo.

Ya tano ni kona kali. Vanishi mbichi huikimbia kona kali na kubaki nyembamba mno pale, kisha maji huanzia hapo hapo kupenya. Viringisha kila kona kwa msasa hadi nusukipenyo cha milimita 2 au 3 kabla ya tabaka la kwanza. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Nieleze hatua za kupaka mlango mpya wa nje, na vipimo vyake.

Mlango wa sentimita 210 kwa 90 una takriban mita 4 za mraba kwa pande mbili pamoja na kingo. Ukiwa na paneli za kuchonga, hesabu 5. Ongeza fremu, unafika 6 hivi. Lita moja ya vanishi hufunika mita za mraba 10 hadi 14 kwa tabaka moja kwenye mbao laini, kwa hiyo tabaka nne zitahitaji lita 2. Andaa pia nusu lita ya tapentaini, msasa namba 80, 120 na 240, na brashi nzuri ya inchi mbili na nusu isiyong'oka nywele.

Mlango ushushwe kwenye bawaba na vitasa vyote vitolewe. Ulaze juu ya vigoda viwili. Piga msasa namba 80, kisha 120, ukifuata mistari ya mbao. Msasa wa kukatisha huacha mikwaruzo inayoonekana chini ya vanishi. Viringisha kona. Futa vumbi kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa kilicholowa tapentaini kidogo. Kama ni msaji, futa kwa asetoni ili kuondoa mafuta ya usoni, na upake ndani ya saa moja kabla mafuta hayajapanda tena.

Tabaka la kwanza: vanishi sehemu nne, tapentaini sehemu moja. Lengo ni vanishi ipenye. Usitumie tina ya rangi za magari kwenye vanishi ya mafuta, inaweza kuigandisha au kuikunja. Soma kopo linataka nini. Koroga taratibu kwa kijiti, usilitikise kopo, maana viputo vitahamia mlangoni.

Subiri saa 24. Pwani wakati wa unyevunyevu subiri hata 36. Ukipiga msasa namba 240 na vumbi likatoka jeupe kama unga, imekauka. Ikijibandika kwenye msasa, bado. Tabaka la pili lipunguzwe kidogo tu, asilimia 5 hadi 10. La tatu na la nne bila kupunguza. Kati ya kila tabaka msasa mwepesi, kisha kufuta.

Ukingo wa juu na wa chini upakwe kila mara unapopaka uso. Pia ndani ya tundu la kitasa. Mlango usirudishwe kwenye bawaba kabla ya saa 48, na usioshwe kwa sabuni hadi wiki ipite.

Mlango unavimba kila masika. Niupige randa?

Usiwe na haraka. Ubao mpana wa sentimita 30 unaweza kutanuka milimita 2 hadi 4 kutoka kiangazi hadi masika. Ukipiga randa hadi ufunge vizuri mwezi wa Aprili, mwezi wa Septemba utaona mwanga wa nje kupitia upenyo. Isitoshe, randa imeondoa vanishi ya ukingo, na mwakani utavimba zaidi.

Chunguza kwanza ukingo wa chini. Kwenye milango mingi haujawahi kuguswa na brashi, kwa kuwa fundi alipaka mlango ukiwa umeshafungwa. Kioo kidogo kikilazwa sakafuni kitakuonyesha bila kuushusha. Subiri ukauke, ushushe, uzibe juu na chini kwa tabaka nne. Randa itumike baada ya hapo kama bado unakwama, na upenyo unaotakiwa ni milimita 3 kila upande wakati wa ukavu.

Oili chafu ya gari inafaa?

Inatumika sana kwenye nguzo za uzio, na si siri kwamba ni rahisi. Inapunguza maji kwa muda. Lakini haikauki, hunuka, huchafua nguo, na ina metali nzito na masalia ya kuungua yanayoingia kwenye udongo na kisimani. Huwazuia mchwa kwa msimu, si kwa miaka. Na ubao uliokunywa oili chafu hautashika rangi wala vanishi tena. Ukishapaka, umefunga mlango wa chaguo jingine lolote. Karibu na bustani ya mboga au kisima, hapana.

Na mafuta ya kitani, ya kupikia, au sifa?

Mafuta ya kupikia hayakauki. Yanachacha, yanavuta vumbi na kulisha ukungu. Sifa, yaani mafuta ya papa, ndiyo mabaharia walipaka majahazi yao sehemu ya juu, na chini ya mstari wa maji wakapaka deheni ya shahamu na chokaa. Ilifaa, kwa kuwa chombo kilipandishwa pwani na kupakwa upya mara kwa mara, na hakuna aliyeegemea ubavu wa jahazi akiwa na kanzu nyeupe. Mlangoni utaikimbia harufu.

Kitani ni habari nyingine. Yaliyochemshwa au kutiwa kikaushio hukauka kwa siku moja au mbili. Mabichi yanaweza kuchukua wiki. Chini ya paa ni mazuri. Penye mvua na unyevu wa pwani, mafuta hayo ni chakula cha ukungu mweusi, hivyo nunua mafuta ya mbao ya nje yaliyochanganywa dawa ya kuzuia ukungu. Yoyote utakayochagua, paka tabaka jepesi na baada ya dakika 15 hadi 20 futa yote ambayo hayajanywewa. Mafuta yakiachwa mengi juu hugeuka ngozi inayonata, na njia pekee ya kuiondoa ni tapentaini na jasho.

Nguzo za pagola zinaoza chini tu, juu ni nzima. Kwa nini?

Kuvu wa kuozesha anahitaji maji na hewa kwa pamoja. Ndani kabisa ya udongo hewa ni haba. Juu mbao hukauka upesi. Sentimita chache juu ya ardhi na 20 hadi 30 chini yake ndipo vyote viwili vipo, na ndipo nguzo hukatikia.

Zege huzidisha tatizo linapotengeneza kikombe. Mbao ikisinyaa wakati wa kiangazi, nafasi nyembamba hubaki kati yake na zege. Maji ya mvua hushuka humo na hayana pa kutokea. Njia bora ni kutoizika nguzo kabisa. Mwaga msingi wa zege uliopanda sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi, uso wake uteremke pande zote, kisha simamisha nguzo juu ya kiatu cha chuma kilichopakwa zinki kinachoinua kitako chake angalau sentimita 5 kutoka kwenye zege. Maji ya mvua yakipiga ardhi huruka, kwa hiyo mbao zozote zilizo chini ya sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini zitalowa kila mvua. Kokoto badala ya udongo mtupu hupunguza mruko huo na tope lake.

Ukilazimika kuzika, tumia nguzo ya dawa ya kiwandani pekee, na kichwa ulichokikata kielekee juu. Shimo la sentimita 60 hadi 75, chini weka kokoto sentimita 15, nguzo ikae juu ya kokoto zenyewe. Zege liizunguke ubavuni tu, kitako kibaki wazi kwenye kokoto ili maji yachuje.

Nguzo iliyokwisha kuoza chini haihitaji kutupwa. Tegemeza paa la pagola kwa mirunda, kata hadi ufike mbao ngumu na uongeze sentimita 10 juu yake, ziba kichwa, kisha iweke juu ya kiatu kirefu cha chuma.

Ukungu mweusi au wa kijani huondolewaje?

Jiki sehemu moja, maji sehemu tatu, sabuni ya maji kidogo. Lowesha mimea ya jirani kwa maji kwanza. Paka, acha dakika 10 hadi 15, sugua kwa brashi ya plastiki, suuza vizuri. Usichanganye jiki na siki, dawa ya kusafishia choo wala kitu chenye amonia. Gesi inayotoka ni hatari. Acha ubao ukauke siku mbili au tatu, pitisha msasa namba 120, ndipo upake. Brashi ya waya usiitumie. Vipande vyake vidogo hubaki kwenye mbao na kushika kutu.

Ukungu ukirudi mahali pale pale, tatizo ni kivuli na maji. Punguza matawi, rekebisha gata.

Mashine ya kuoshea magari inafaa kuoshea mbao?

Kwa tahadhari. Presha kubwa hupasua nyuzi laini na kusukuma maji ndani ya viungo. Tumia mdomo unaotawanya maji, kaa sentimita 30 au zaidi, fuata mistari ya mbao. Brashi na mpira wa maji vinatosha mara nyingi.

Kuna madoa meusi kuzunguka misumari na skrubu.

Ni chuma kukutana na tanini, kemikali ya asili ya mbao, penye maji. Asidi ya oksaliki, gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, huyaondoa: paka doa, subiri dakika 20, suuza mara kadhaa. Ni sumu, vaa glovu na miwani, na vumbi lake usilivute. Lakini doa litarudi usipobadilisha skrubu.

Karibu na bahari nunua skrubu za stenlesi zenye alama A4. A2 zinatosha bara. Ufukweni huanza kuonyesha kutu ya kahawia. Zile nyeusi za gipsamu ni za ndani, nje hukatika ndani ya miaka michache. Toboa tundu la kutangulia kwenye mbao ngumu, na usizamishe kichwa cha skrubu, maana kishimo hicho hugeuka kisima.

Sakafu ya mbao ya nje inahitaji nini cha ziada?

Hewa chini yake, sentimita 30 ikiwezekana. Nafasi ya milimita 5 hadi 6 kati ya mbao zilizokauka. Majani yakiziba nafasi hizo yaondolewe kwa kisu butu. Mbao zisizidi upana wa sentimita 14, la sivyo zitajikunja kama bakuli na kushika maji. Mihimili iwe umbali wa sentimita 40 hadi 50, na juu ya kila mhimili laza ukanda wa karatasi ya lami kabla ya kupigilia mbao. Ukanda huo ni wa bei ndogo, na mihimili ndiyo huoza kabla ya mbao za kukanyaga.

Usiipake vanishi. Miguu na mchanga vitaikwaruza, maji yatapita chini ya ngozi, na ikilowa itateleza. Mafuta ya kupenya, tabaka mbili nyembamba. Lita moja hutosha mita za mraba 8 hadi 10 tabaka la kwanza; la pili hula kidogo zaidi ya nusu ya hapo.

Mbao imegeuka kijivu. Imeoza?

Hapana. Ni uso tu, sehemu ya milimita. Kiti cha msaji kinaweza kubaki kijivu miaka mingi kikiwa kizima. Kama rangi hiyo haikuudhi, kioshe tu.

Nitambueje mbao iliyooza, na naweza kuiziba?

Chomeka bisibisi bapa kwa nguvu ya mkono. Mbao nzima hukataa, na ukiinua nyuzi hutoka mwiba mrefu. Iliyooza hupokea bisibisi na kuvunjika vipande vifupi. Kama kuoza hakujazidi robo ya unene, kata hadi mbao ngumu na sentimita 5 zaidi kwa urefu, weka kiraka cha mbao ya aina ile ile, mistari ielekee upande mmoja, kiunge kwa gundi ya epoksi. Mkato uwe wa mshazari ili maji yateremke nje. Unga wa msumeno na gundi nyeupe ni kwa matundu ya ndani ya nyumba. Mvua mbili tu, umevimba na kutoka.

Nyufa zisizibwe zote kwa silikoni. Mahali pa chini ambapo maji hutokea paachwe wazi, na silikoni ya kawaida haishiki rangi.

Mchwa na nyuki weusi wanaotoboa mbao?

Mchwa wa ardhini hujenga vijia vya udongo. Kazi ya kwanza ni kuviona: acha sentimita 15 za msingi zionekane, usipange kuni wala mabaki ya mbao ukutani. Udongo kuzunguka nguzo upigwe dawa na mtu mwenye leseni. Boraksi na asidi ya boriki ni dawa nzuri dhidi ya wanaobungua, ila huyeyuka kwa maji, hivyo mbao lazima ifungwe kwa rangi au vanishi baadaye.

Nyuki weusi wakubwa hutoboa tundu la mviringo la sentimita moja hivi, chini ya mihimili laini isiyopakwa. Rangi huwafukuza. Subiri watoke, ziba kwa kijiti na gundi. Si lazima kuwaua. Hao ndio wachavushaji wakubwa wa mapesheni.

Nina mlango wa zamani wa kuchonga. Niupige msasa?

Usiuguse kwa msasa. Michongo ya milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu ina kina cha milimita chache pembeni, na msasa hufuta kingo zake milele. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu, chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo cha maji baridi. Ukikauka, mafuta mepesi, yafutwe yote, hasa mashimoni. Vanishi nene hujaza michongo. Njumu za shaba zisisuguliwe kwa limau zikiwa mlangoni, asidi hushuka kwenye mbao. Jengo likiwa ndani ya eneo la Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, ulizia kwanza kwa mamlaka ya uhifadhi kabla ya kubadilisha ubao wowote.

Msimu gani wa kufanya kazi hizi, na mara ngapi?

Julai hadi Septemba, masika yakiwa yameisha na mbao zimepata miezi miwili ya kukauka. Nafasi ya pili ni Januari na Februari, ila joto ni kali. Fanya kati ya saa 3 asubuhi, umande ukiwa umekauka, na saa 9 alasiri. Fuata kivuli kuzunguka nyumba. Ubao uliochomwa na jua la saa 6 hukausha ngozi ya juu kabla ya chini, ndipo malengelenge huanza.

Kila miezi sita osha mbao kwa maji baridi na sabuni laini. Karibu na ufuko fanya kila mwezi kwa maji matupu, maana chumvi hushika unyevu. Februari, kabla ya masika, dondosha matone ya maji sehemu tano tofauti. Yakibaki duara dakika 10, subiri. Yakinywewa na kuacha doa la giza ndani ya dakika mbili, paka mafuta wiki hiyo. Kwa vanishi, ukiona inafifia bila kubanduka, msasa namba 240 na tabaka mbili vinatosha kwa asubuhi mbili. Ukingoja ibanduke, utaanza upya hadi mbao tupu.

Nifanye nini na vitambaa na makopo yaliyobaki?

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vinaweza kuwaka vyenyewe, kwa sababu mafuta hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi joto hilo. Vitandaze nje kimoja kimoja, juu ya kokoto au waya, hadi viwe vigumu kabisa, au vizamishe kwenye ndoo ya maji. Visirundikwe stoo hata usiku mmoja. Vanishi iliyobaki mimina kwenye chupa ndogo ijae hadi juu, kwani hewa iliyo ndani ya kopo ndiyo huigandisha, na andika tarehe. Tapentaini chafu iache itulie siku tatu. Iliyo safi juu itaoshea brashi tena, na tope la chini likaushwe kwenye unga wa msumeno nje, mbali na moto.